MAISHA YA ALEX VON FALKENHAUSEN, FUNDI WA INJINI SUGU

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili wamezoea kukuletea humu maisha ya washairi, viongozi na wanariadha. Mimi leo nakuletea fundi wa injini. Usifunue ukurasa mwingine upesi, tafadhali! Fundi huyu ni Mjerumani aliyeitwa Alex von Falkenhausen. Alifariki dunia mwaka wa 1989, lakini wapenzi wa magari wangali wanamtaja hadi leo, na ninaamini ukifika mwisho wa makala haya utajua ni kwa nini.

Kilichonifanya nimchague ni ubishi. Kila likizo mimi huenda kumsaidia mjomba wangu katika gereji yake ya jua kali, na huko vijana hawachoki kuzozana kuhusu magari yenye turbo. Kambi moja inashikilia kwamba injini iliyotoka kiwandani isiguswe hata nati moja, kwani waliotengeneza walijua walichokifanya. Kambi ya pili inasema injini ya kiwandani ni ya wazee. Kwao injini ya kutegemewa ni ile iliyofunguliwa na fundi mahiri, ikatiwa pistoni ngumu, konrodi nene na turbo kubwa. Sauti hupanda, chai hupoa, na hakuna amshawishiye mwenzake. Niliposoma maisha ya Falkenhausen nikaona kwamba mzee huyu alilijibu swali hilo kwa mikono yake, tena kutoka pande zote mbili.

Kabla sijaanza safari, hebu nieleze turbo ni kitu gani, kwa faida ya wale ambao gari kwao ni kiti na dirisha tu. Turbo ina magurudumu mawili madogo yaliyoshikana kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka ndani ya injini hulizungusha gurudumu la kwanza kwa kasi ya ajabu. La pili nalo, kwa kuwa limeshikana na la kwanza, huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi huungua, na nguvu huongezeka. Aliyeusajili uvumbuzi huu kwanza ni Mswisi Alfred Büchi, mwaka wa 1905. Lakini cha bure hakuna. Joto huzidi, presha huzidi, na petroli huweza kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Hapo injini hugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Ikiachwa iendelee kugonga, pistoni hutoboka, gasketi huungua, na mwenye gari hurudi nyumbani kwa matatu.

Sasa tumrudie jamaa wetu. Alex von Falkenhausen alizaliwa tarehe 22 Mei 1907 katika mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani. Alisomea uhandisi katika chuo kikuu cha ufundi mjini humo. Mwaka wa 1934 aliajiriwa na kampuni ya BMW, yenye makao papo hapo Munich, akawekwa katika idara ya pikipiki. Hakuwa mhandisi wa kukaa ofisini akichora tu. Alichokichora alikipanda, akakikimbiza katika mashindano ya milimani na matopeni, kikivunjika akajua mwenyewe kimevunjikia wapi. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, ujuzi wake ulichukuliwa na jeshi la Hitler kama ujuzi wa wahandisi wengi wa Ujerumani. Alishughulikia pikipiki nzito za kijeshi zilizokuwa na kigari cha pembeni. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Munich ilikuwa magofu na kiwanda cha BMW kilikuwa hakitengenezi gari hata moja. Wengi wangekata tamaa. Yeye alianzisha karakana yake mwenyewe akaiita AFM, herufi zilizotokana na jina lake. Alichukua injini za BMW 328, gari la michezo lililosifika kabla ya vita, akazitengeneza upya na kuunda magari ya mashindano. Kwa lugha ya vijana wa gereji, huyu alikuwa bingwa wa injini za kujengwa. Spea zilikuwa adimu na chuma kizuri kilikuwa adimu zaidi, kwa hivyo alijifunza kwa lazima ni kipi katika injini kinachoweza kuongezewa mzigo na ni kipi kikiongezewa kitasalimu amri. Magari ya AFM yalifika hata katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya mwaka wa 1952 na 1953.

Ingawa magari yalikimbia, pesa hazikukimbia nyuma yake. Mwaka wa 1954 Falkenhausen alirudi BMW kusimamia idara ya mashindano, na mwaka wa 1957 akapewa idara nzima ya kutengeneza injini. Alipewa cheo kikubwa katika nyumba iliyokuwa ikiungua. Wakati huo BMW iliuza magari ya aina mbili. Upande mmoja kulikuwa na magari makubwa ya kifahari ambayo Wajerumani wachache tu waliyamudu. Upande wa pili kulikuwa na kijigari kidogo kama yai, kilichofunguliwa mlango wake kwa mbele, na ambacho faida yake ilikuwa kidogo kama chenyewe. Gari la mwananchi wa kawaida mwenye familia na mshahara halikuwepo. Hasara ikapanda mwaka baada ya mwaka. Tarehe 9 Desemba 1959 wenye hisa waliitwa mkutanoni kupigia kura pendekezo la kuikabidhi kampuni kwa mshindani wao Daimler-Benz. Wenye hisa wadogo na wauzaji wa magari walisimama kidete, pendekezo likakwama, na baadaye tajiri Herbert Quandt akaongeza pesa zake. BMW ilipona kwa tundu la sindano.

Sasa kampuni ilihitaji gari la katikati, na gari hilo lilihitaji injini. Hapa ndipo nilipompendea Falkenhausen. Wakubwa walimtaka atengeneze injini ndogo ya lita 1.3. Kampuni haikuwa na pesa, na injini ndogo ni ya bei nafuu. Mtu mwingine angeitikia ndiyo bwana, akachora alichoambiwa na kulala usingizi wake. Falkenhausen alikataa. Aliona kwamba magari yatakuwa mazito zaidi, barabara zitakuwa nzuri zaidi, na wateja watataka nguvu zaidi, na kampuni maskini haitapata pesa za kutengeneza injini nyingine mpya kila miaka michache. Aliwashawishi waanzie lita 1.5, tena akaichora injini kwa namna ambayo ingeweza kutanuliwa hadi lita 2 bila kubomoa kila kitu. Katika kampuni iliyokuwa ikihesabu senti, kudai chuma kingi kuliko kinachohitajika leo halikuwa jambo dogo.

Injini hiyo iliitwa M10. Bloku yake ilikuwa ya chuma cha kusubu, nzito na nene. Krenki yake ilishikiliwa na beringi 5 wakati injini nyingi za silinda 4 zilikuwa na 3 tu. Heti yake ilikuwa ya aluminiamu, na kamshafti ilikaa juu ikizungushwa na cheni. Gari lililoibeba, BMW 1500, lilionyeshwa Frankfurt mwaka wa 1961 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata. Lilikuwa na nguvu za farasi 80. Kwa macho ya leo ni nguvu ya kawaida kabisa. Lakini ndani ya bloku ile kulikuwa na akiba ya uthabiti ambayo mnunuzi hakuiona wala hakuilipia hata senti.

Akiba hiyo ilianza kuliwa polepole. Lita 1.5 zikawa 1.8, kisha 2. Kuna kisa kimoja hapa kinachonichekesha kila nikikikumbuka. BMW ilikuwa na gari dogo la milango miwili lenye injini ya lita 1.6. Falkenhausen aliwaambia mafundi wamtilie injini ya lita 2 katika gari lake la kutembelea. Mkurugenzi mwenzake, Helmut Werner Bönsch, alikuwa amefanya vivyo hivyo na gari lake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Siku moja magari yote mawili yalikutana karakanani, na wale wazee wawili wakatambua kwamba wamekuwa wakifurahia siri moja. Walipeleka pendekezo kwa wakubwa kwa pamoja, na mwaka wa 1968 likazaliwa BMW 2002, gari lililoipa kampuni hiyo sifa kubwa hata Marekani.

Huku nyuma Falkenhausen hakuwa ameacha mambo yake ya ujana. Mwaka wa 1966, akiwa na umri wa miaka 59, umri ambao wengi hutafuta kiti cha bembea, aliketi mwenyewe ndani ya gari la mashindano katika uwanja wa Hockenheim. Gari hilo lilikuwa na injini ya lita 2 iliyojengwa juu ya msingi wa M10 na kupewa heti ya pekee yenye valvu 4 kwa kila silinda. Aliweka rekodi za dunia za kuondoka kutoka kusimama. Lakini heti hiyo ilikuwa tata na nzito, na ilipopelekwa mbioni haikuleta ushindi uliotarajiwa. Msomaji, kumbuka jambo hilo. Injini ya kujengwa inaweza kuvunja rekodi leo asubuhi na bado isifae kwa mbio za saa mbili kesho.

Turbo iliingia maishani mwake miaka mitatu baadaye. Katika mashindano ya magari ya kawaida barani Ulaya, washindani walikuwa wamemkaribia mno. Akishirikiana na kijana wake Paul Rosche, aliyejiunga na BMW mwaka wa 1957, waliifunga turbo kwenye injini ya lita 2. Nguvu zikapanda hadi kama farasi 280, zaidi ya mara tatu ya zile 80 za mwanzo. Dereva Dieter Quester alitwaa taji katika kundi lake mwaka wa 1969. Bloku ilikuwa ile ile ya chuma cha kusubu.

Baada ya kushinda, BMW iliamua kumuuzia raia gari lenye turbo. Hapa napenda tutulie kidogo, maana ndipo tunapoona tofauti kati ya injini ya mbio na injini ya sokoni. Hawakuchukua injini ya farasi 280 wakaiweka dukani. La hasha! Gari la BMW 2002 turbo, lililoonyeshwa Frankfurt mwaka wa 1973, lilipewa farasi 170 tu. Ndugu yake asiye na turbo alikuwa na farasi 130. Kwa hivyo turbo yote ile, na mabomba yake yote, ilileta farasi 40 pekee. Vijana wa gereji wangecheka. Lakini angalia walichokifanya ndani. Katika injini isiyo na turbo, hewa na petroli vilibanwa mara 9.5 kabla ya kuwashwa. Katika ile ya turbo walipunguza hadi mara 6.9, kwa kuwa turbo yenyewe tayari inashindilia hewa, na ukiibana tena sana itagonga. Walikubali injini iwe nzito wa kuamka dereva anapokanyaga eksileta, ili isife mapema. Mhandisi wa kiwanda hajui gari litamwangukia nani. Huenda likanunuliwa na mwangalifu, huenda likanunuliwa na mtu asiyewahi kupima oili. Lazima amfikirie yule wa pili.

Bahati haikuwa upande wao. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 1973 vita vya Mashariki ya Kati vilizuka, mafuta yakaadimika, na gari la kiburi lililoandikwa turbo kinyumenyume ili asomwe kwenye kioo na dereva wa mbele likaonekana kama matusi. Yalitengenezwa magari 1,672 tu. Mwaka wa 1975 Falkenhausen alistaafu. Alikuwa na miaka 68, na mtu angedhani hadithi imekwisha.

Kumbe wapi! Paul Rosche alirithi kiti chake na vilevile alirithi ile bloku. Mwaka wa 1980 BMW ilitangaza kwamba itaingia Formula 1, mashindano makubwa kuliko yote ya magari. Kanuni za wakati huo ziliruhusu injini ya lita 3 isiyo na turbo, au ya lita 1.5 yenye turbo. Lita 1.5! Ujazo ule ule ambao Falkenhausen aliwaomba wakubwa wake wauchukue kama mwanzo. Washindani kama Ferrari na Renault walikuwa na injini za silinda 6 zilizobuniwa makusudi kwa ajili ya mbio. Rosche alichukua bloku ya silinda 4 iliyozaliwa kumpeleka baba sokoni na watoto shuleni.

Tena hakutaka bloku mpya. Kampuni yenyewe imesimulia mara nyingi kwamba zilitafutwa bloku zilizokwisha kutumika, nyingine zikiwa zimetembea kama kilomita 100,000 barabarani. Sababu yake seremala yeyote wa kwetu ataielewa. Ubao mbichi ukiufanyia mlango, mlango utapinda. Ubao uliokauka vizuri hautapinda tena. Chuma cha kusubu nacho, kikitoka kalibuni, huwa na mivutano ndani yake. Kikipashwa joto na kupoa mara maelfu, mivutano hiyo hutulia. Bloku kuukuu ilikuwa imekwisha kupinda kote ilikokusudia kupinda. Mafundi waliisafisha, wakaikwangua kupunguza uzito, wakaitia krenki, konrodi, pistoni na heti mpya za mbio, turbo kubwa na kompyuta ndogo ya kuongoza mafuta na moto.

Je, ilitegemeka? Haikutegemeka hata kidogo mwanzoni. Mbio zake za kwanza zilikuwa hapa barani kwetu, katika uwanja wa Kyalami nchini Afrika Kusini, tarehe 23 Januari 1982. Magari mawili ya timu ya Brabham yaliyobeba injini hiyo hayakumaliza. Timu ikairudia injini yake ya zamani kwa muda. Mwezi wa Juni, mjini Detroit, bingwa wa dunia Nelson Piquet hakufaulu hata kuingia katika orodha ya kuanza mbio. Aibu iliyoje! Wiki moja baadaye, nchini Kanada, Piquet huyo huyo na injini hiyo hiyo walishinda. Ndivyo zilivyo injini za kujengwa. Leo unaimba, kesho unasukuma.

Mwaka wa 1983 waliutumia kutafuta ugonjwa mmoja mmoja na kuutibu. Mbio za mwisho zilirudi Kyalami tarehe 15 Oktoba. Mfaransa Alain Prost wa Renault alikuwa na pointi 57, Piquet 55. Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Mwaka mzima wa kazi, mamia ya watu, pesa zisizohesabika, na yote yanategemea ni injini ya nani itakayovumilia hadi jioni. Turbo ya gari la Prost iliharibika, akatoka kabla hata ya nusu. Piquet alipoona hivyo akapunguza mwendo, akampisha mwenzake wa timu Riccardo Patrese ashinde, naye akamaliza wa tatu. Pointi 4 zilimtosha: 59 kwa 57. Siku 630 baada ya kushindwa katika uwanja huo huo, bloku ya Falkenhausen ilimpa dereva ubingwa wa dunia. Hakuna bingwa mwingine aliyekuwa ametwaa taji hilo kwa injini ya turbo kabla yake. Mzee alikuwa na miaka 76, akiwa hai kuyaona matunda ya mti alioupanda.

Nisingependa uondoke ukidhani kwamba bloku nzuri ilitosha. Katika mbio, injini zile zilitoa zaidi ya farasi 600 mwaka wa 1983. Kufikia mwaka wa 1986, katika majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia, zilikadiriwa kufika kama farasi 1,400. Injini za majaribio hayo zilifungwa kwa ajili ya mizunguko michache tu, kisha zikatolewa. Zile za mbio zilifunguliwa na kukaguliwa baada ya kila shindano. Kulikuwa na kundi la mafundi kwa kila gari, mafuta maalumu ya kuzuia kugonga, na stoo iliyojaa spea. Bloku ile ile, katika gari la mwalimu wa Munich lenye farasi 80, ilikimbia mwaka nenda mwaka rudi kwa kubadilishiwa oili na plagi tu. Injini za aina ya M10 zilitengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na idadi yake ilifika kama milioni 3.5.

Alex von Falkenhausen alifariki tarehe 28 Mei 1989, siku 6 baada ya kutimiza miaka 82.

Sasa turudi kwenye ubishi wa gereji, maana sikuja kukusimulia hadithi za Ujerumani tu. Likizo ya Agosti mteja mmoja alimletea mjomba gari la turbo lililotoka Japani. Lilikuwa zima kabisa, injini ya kiwandani. Alitaka presha ya turbo iongezwe. Mjomba alimweleza kwamba pistoni zake, konrodi zake na pampu yake ya petroli zilipimwa kwa presha ya zamani. Mteja hakukubali, akaenda kwa fundi mwingine asiyeuliza maswali. Siku chache baadaye gari lilirudi kwetu likivutwa kwa kamba. Konrodi ilikuwa imetoboa bloku na kutokea nje, nasi tuliweza kutazama ndani ya injini kama dirishani. Mjomba hakumcheka. Alimtengenezea chai kwanza, ndipo akamwambia bei ya injini nyingine.

Je, gari hilo linawapa ushindi wa kambi ya kwanza, wanaotaka injini isiguswe? Sivyo hasa. Hiyo haikuwa tena injini ya kiwandani, na wala haikuwa ya kujengwa. Ilikuwa ya kiwandani ndani na ya mbio nje, mwili wa mtoto uliobebeshwa gunia la kuli. Hiyo ndiyo ife kuliko zote mbili. Injini ya kiwandani hudumu kwa sababu mtu alikaa akafikiria mzigo wake, akaongeza akiba juu yake. Injini ya kujengwa nayo hudumu kadiri ya kazi iliyojengewa, iwapo kila kitu ndani yake kimepandishwa pamoja: pistoni, mafuta, upozaji na oili, na iwapo mwenyewe yuko tayari kuifungua mara kwa mara.

Hata Safari Rally yetu inashuhudia hayo. Gari la Toyota Celica lenye turbo lilishinda mbio hizo mwaka wa 1984, 1985 na 1986. Washindani wake walikuwa na magari yenye nguvu zaidi. Injini ya Celica ilijengwa kwa mbio, lakini iliwekewa kiwango ambacho vumbi, mawe na matope ya kwetu yangeweza kuvumilika kwa siku kadhaa. Ilifika, na kufika ndiko kushinda kwa Safari.

Kwa hivyo nikiulizwa na wale vijana nichague kambi, mimi huwauliza swali kwanza. Gari la nini? La kwenda kazini na kurudi kila siku, liache lilivyotoka kiwandani, libadilishie oili mapema, na ulisubiri injini ipoe kidogo kabla ya kuzima baada ya mwendo wa kasi. La mashindano, lijenge lote kuanzia chini, wala si turbo peke yake, na uweke kando pesa za kulijenga tena. Falkenhausen aliziheshimu zote mbili. Alizijenga injini za mbio tangu ujana wake, lakini alipopewa nafasi ya kutengeneza injini ya mwananchi, aliiwekea nguvu ya ziada ambayo hakuna aliyemwomba. Miaka ishirini baadaye nguvu hiyo ikamzalia bingwa wa dunia.

Wanafunzi wenzangu, hasa ninyi mnaotaka kusomea uhandisi, shikeni hilo. Wakubwa wake walitaka lita 1.3. Siku ile alipokataa, hakuna aliyekuwa akifikiria Formula 1, hata yeye mwenyewe. Alijua tu kwamba kitu anachokitengeneza kitadumu kuliko shida ya mwaka huo. Kwa hayo machache, mpenzi msomaji, nakuaga. Tukijaliwa uzima, tutaonana tena katika toleo lijalo.